Uwanja Ndani ya Bomba

Nilipanda basi Mbezi Louis alfajiri ya Jumanne, tarehe 19 Agosti 2025, nikiwa na begi la mgongoni na bomba la plastiki la inchi nne, lile la mafundi wa maji, nimeliziba huku na huku. Konda alitaka kulisukumia kwenye buti pamoja na magunia. Nikamwambia hili nalipakata mwenyewe.

"Una nini humo, mzee wangu?"

"Kwa Mkapa," nikamjibu.

Na kweli humo mlikuwa na Uwanja wa Benjamin Mkapa mzima, futi nne kwa sita, rangi ya mafuta juu ya turubai, kazi ya miezi mitatu. Mimi ni mchoraji wa mtindo wa Tingatinga. Nimejifunzia Oysterbay kwa mjomba wangu, nikianza kama tunavyoanza wote: unapaka rangi ya nyuma, unasubiri ikauke, unawekea wakubwa nukta kwenye mabawa ya ndege wao, na ukishaaminiwa ndipo unapewa mnyama wako. Nimechora tembo ambao siwezi kuwahesabu. Wamenisomeshea watoto, siwezi kuwatukana. Lakini tangu nizaliwe sijaona tembo akipita Temeke, na nimeona mara nyingi mno watu elfu sitini wakisimama kwa pamoja pale Kwa Mkapa kama wimbi linalokuja ufukweni. Basi safari hii zile nukta sikumwekea ndege. Kila nukta niliifanya uso wa mtu.

Kulikuwa na jumba moja la sanaa Nairobi lililokubali kuniona siku ya Alhamisi. Ndiyo maana nilikuwa naondoka Dar wiki ambayo kila mwenye akili alikuwa anatafuta namna ya kuingia Dar. Taifa Stars ilikuwa imemaliza kileleni, kwa pointi kumi, kundi lake la CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani tuliyoyaandaa pamoja na Kenya na Uganda, na kwa mara ya kwanza katika historia yetu tulikuwa robo fainali ya mashindano hayo. Ijumaa tungekutana na Morocco. Ndani ya basi hayakuwepo mazungumzo mengine. Abiria walirudia mara kwa mara kwamba kocha wetu Hemed Suleiman naye nchi nzima inamwita Morocco, na kwa hiyo Morocco atamjua Morocco mwenzake. Mama mmoja aliyekuwa anashukia Same aliliombea jambo hilo kwa sauti, macho ameyafumba, na basi zima likaitikia amina.

Kutoka Segera kuelekea Korogwe na Mombo mkonge unaanza kujipanga pembeni mwa barabara, mstari baada ya mstari. Kila nikipita hapo namkumbuka Edward Saidi Tingatinga mwenyewe. Alitoka Tunduru akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam. Mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za hadibodi, zile za dari, na picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores kwa wageni wa Oysterbay. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi. Miaka minne, na mpaka leo mamia ya familia zinakula kwa jina lake. Nikiitazama ile mistari ya mkonge huwa nawaza kwamba hapa ndipo jicho lake lilipozoea umbo moja kurudiwa hadi likawa pambo. Hilo ni wazo langu tu, siwezi kulithibitisha, lakini silitupi.

Himo, pale njia ya Marangu inapochepuka, namkumbuka mtu mwingine. Elimo Njau ni mzaliwa wa Marangu. Alisoma sanaa Makerere, na mwaka 1959 akachora kwenye kuta za kanisa la Murang'a maisha ya Kristo ndani ya nchi ya Wakikuyu, kwenye migomba na vibanda vyao. Kisha akawa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Fundisho lake linalojulikana zaidi ni kwamba usiige, maana kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Neno hilo niliambiwa nikiwa na miaka ishirini na tatu, tena na mchoraji mwenzangu, na liliniuma sana, kwa sababu kuiga ndiyo shule yetu. Mpaka leo nabishana nalo. Anayerudia umbo alilorithi kwa mjomba wake haibi kitu. Lakini yule anayerudia tembo kwa sababu mnunuzi kamwambia nataka kama yule wa jana, huyo nadhani Mzee Njau alimwona vizuri.

Namanga tulifika giza limeshaingia. Foleni ya uhamiaji ilikuwa na jezi za kila aina: za Taifa Stars, za Harambee Stars ya Kenya, na kijana mmoja wa Kampala aliyevaa ya Cranes ya Uganda akielekea kwao kwa njia ndefu kwa sababu alitaka kupita viwanja vya nchi zote tatu. Watu waliulizana matokeo kama majirani wanaoulizana habari za mgonjwa. Kenya nayo ilikuwa imeongoza kundi lake kwa pointi kumi, na imeifunga Morocco hiyohiyo tuliyokuwa tunaiogopa. Mzee mmoja wa Kajiado akatushauri sana jinsi ya kuwakaba.

Nilipokuwa nimesimama pale niliona wivu, na ninausema wazi. Mpira ulianza kutukutanisha zamani. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar 1949, na ukoo wake ndio Kombe la CECAFA la leo. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa pamoja AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Na sisi wachoraji? Yapo makusanyiko, sikatai: Bienale ya Sanaa ya Afrika Mashariki ilianzia Dar mwaka 2003, Kampala wana tamasha la sanaa la KLA ART tangu 2012, Nairobi kuna mnada wa sanaa za eneo letu tangu 2013. Nimeshiriki baadhi na nimepata marafiki. Lakini muulize muuza machungwa wa Namanga akutajie mchoraji mmoja wa nchi ya pili. Kipa wa nchi ya pili atakutajia.

Siku ya Alhamisi niitaje kwa ufupi. Niliifungua kazi mezani, wakaitazama kwa heshima, wakasifu mkono. Kisha yule aliyekuwa na kauli akauliza kama ninazo za wanyama, kwa sababu wageni wakisikia Tingatinga hutegemea wanyama. Nikamwambia sikuja nazo. Nikakunja uwanja wangu, nikaurudisha kwenye bomba, nikatoka. Nilitembea hadi miguu ikaniuma.

Ndipo nikaanza kuyaona yale magari ya abiria ya Nairobi, matatu. Nairobi nimeshafika mara tatu kabla ya hapo, ila siku hiyo nilikuwa na jicho lililojeruhiwa, na jicho la namna hiyo linaona. Nganya, matatu iliyopambwa, ilipita mbele yangu ubavu wake mzima ukiwa sura ya mchezaji, jasho linang'aa shavuni, mishipa ya shingo imesimama, na chini yake watu wanagombea mlango. Nyingine ikaja na mwanamuziki, nyingine na mhubiri. Kazi za hali ya juu, na wanaozitazama ni wafanyakazi wanaorudi Umoja na Rongai na kulipa nauli yao. Hakuna mgeni aliyeagiza zile. Mwaka 2004 sheria za waziri John Michuki zilipoanza kazi, magari yalivuliwa michoro na kuvishwa mstari wa njano, na miaka kama kumi baadaye serikali ikalegeza tena. Wachoraji wakarudi wakiwa na nguvu kuliko walivyoondoka. Wangerudije kama watu wa Nairobi wenyewe wasingewataka?

Nikamuuliza makanga mmoja, konda wa kwao, magari haya yanachorwa wapi. Akanielekeza yadi moja ya Industrial Area, na Ijumaa mchana nikaenda.

Yadi ilikuwa na magari matatu yamebanduliwa viti. Mchoraji, kijana wa miaka thelathini hivi, alikuwa ameziba pua kwa kitambaa, anapuliza rangi ya gari kwa ile bunduki yao ndogo inayovuta upepo wa kompresa. Harufu ya thina ilinikaribisha nyumbani. Tulisalimiana, nikajieleza, akaomba aone. Tukaitandaza turubai juu ya boneti, vijana wanne wakashika pembe.

Hakusema ni nzuri. Aliinama, akaweka kidole bila kugusa, akaniuliza: "Mzee, hawa ni watu unawajua ama umewatoa tu kichwani?"

"Wengine nawajua."

"Huyu mama?"

"Anauza maji nje ya geti. Siku ya mechi haingii mpaka amemaliza katoni zake."

"Na huyu ameshika kichwa?"

"Mwalimu wa mwanangu."

"Na huyu?"

Alikuwa ameonyesha safu ya nne kutoka chini, mwanamume aliyesimama wakati wenzake wamekaa. Nikamwambia huyo ni kaka yangu, alikuwa Yanga damu, tumemzika miaka sita iliyopita. Hakuwahi kukaa kitini mechi nzima. Kijana akatikisa kichwa, akainyosha ile pembe ya turubai aliyoishika mwenzake ili isijikunje juu ya ile safu.

Miaka yote ninayouza picha nimeulizwa bei, nimeulizwa kama rangi itapasuka kwenye ndege, nimeulizwa kama ninayo ndogo zaidi. Huyo ndiye wa kwanza kuniuliza majina.

Jioni kazi ilisimama. Waliweka televisheni juu ya pipa, kibanda cha jirani kikaleta chapati madondo na chai ya maziwa, na watu wakajaa mpaka kwenye ngazi za magari. Kenya na Madagascar, pale Kasarani. Mara tu baada ya mapumziko Alphonse Omija akafunga, na yadi ikapiga mabati kwa spana hadi nikaziba masikio. Madagascar wakasawazisha kwa penalti. Dakika za nyongeza zikaisha bila mshindi, na kwenye matuta Kenya ikatoka, nne kwa tatu. Nimeshakaa kwenye misiba yenye kelele kuliko ilivyokuwa yadi ile. Mchoraji alikwenda akasimama mbele ya gari alilokuwa analimalizia, mgongo kwetu, muda mrefu.

Nilifikiri wangeondoka. Hawakuondoka. "Sasa tunashika ya mzee," akasema mmoja wao, na wote wakarudi kukaa. Ilikuwa zamu yetu, Kwa Mkapa, usiku. Nikawa natazama uwanja wangu kwenye kioo huku ukiwa umetandazwa pia juu ya boneti, na vijana wale wakawa wanalinganisha. Geti lile liko wapi hapa? Mama wa maji anakaa upande gani? Kipindi cha pili Oussama Lamlioui akatufunga moja, na moja hiyo ikatosha. Sikulia, ila sikuweza kusema. Vijana waliofiwa na timu yao saa mbili kabla ndio walionishika mabega. "Pole sana, mzee." "Poleni na nyinyi."

Kisha makanga aliyekuwa ameshika pembe mchana, mwembamba, mwenye skafu ya rangi za bendera ya Kenya, akainama tena juu ya turubai. Akaitazama safu kwa safu mpaka mwisho.

"Mzee, na sisi tuko wapi hapa?"

Hawakuwemo. Nilikuwa nimechora Dar es Salaam peke yake. Nikamwambia nitawaweka. Akauliza lini. Nikasema nikifika tu. Mchoraji akaja na simu yake, akawapanga watano mbele ya lile gari, akawapiga picha, akanitumia. Akanikumbusha huyo wa kushoto ana kovu juu ya jicho, nisilisahau.

Nilirudi Dar Jumapili kwa njia ileile, bomba nimelipakata. Himo, mkonge, Chalinze, mvua ndogo Kibaha. Jumatatu asubuhi niliitandaza kazi Oysterbay, nikafungua kopo jeusi na kopo jekundu. Mwenzangu wa meza ya jirani akaniuliza kama hawakuinunua. Nikamwambia haijaisha.

Nafasi ilikuwa ndogo. Wanne nimewaingiza upande wa geti, karibu na mama wa maji, wamebanana. Makanga nimemweka safu ya nne, kando ya kaka yangu, wote wawili wamesimama. Kovu la yule wa kushoto liko chini ya nyusi au juu yake, picha haionyeshi vizuri. Nimemwandikia mchoraji jana usiku, nasubiri anijibu ndipo niweke nukta ya mwisho.