Ijumaa yangu ya michango: dikoni Tumbe, shambani, halafu Wete

Saa kumi na moja alfajiri

Nimeswali, nimebandika chai, na simu ishaanza kulia. Kikundi chetu cha WhatsApp cha Wapemba walioko nje hakilali. Toronto kwao bado ni usiku wa jana, Maskati wametutangulia saa moja. Kuna ami mmoja wa Maskati ameuliza: "Kile kigari cha mtoto wa kule Shumba kimefika au bado?"

Jibu ninalo. Mama mtu kanitumia picha jana jioni: kigari kiko barazani, miguu ya mtoto imetua pale pa kukanyagia, kandambili moja imemchomoka iko chini. Uso haupo, maana jumuiya yetu ina kanuni kwamba picha ya kuombea mchango haionyeshi uso wa mtoto, hata mzazi akiruhusu. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima siku moja, na picha za simu hazifi. Naituma na maneno machache tu: kimefika, kimeshaunganishwa, ahsanteni. Simwombi mtu kitu.

Nieleze kidogo. Jumuiya yetu inasaidia watoto wenye ulemavu: vigari vya magurudumu, nauli za kwenda kliniki, ada za vitu vya skuli. Makao makuu yako Unguja, na Pemba tuna matawi wilaya zote nne, yaani Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Mimi ni mratibu wa michango kwa upande wa Pemba. Watu huniona wa kuomba tu, lakini siku yangu kubwa inakwenda kwenye kurudi. Namrudia aliyetoa, namweleza fedha yake ilivyotumika, kabla sijafungua mdomo kumwomba tena. Tawi linalorudi halikosi. Tawi linaloomba na kupotea, mwaka wa pili hata chai hupewi.

Saa moja asubuhi

Gari ya Konde imejaa, nimebanana na kapu la mtu lenye kuku wawili. Mkobani nina vitu vitatu ambavyo sitoki bila navyo: nakala ya hati yetu ya usajili, barua za masheha, yaani viongozi wa serikali, wa shehia ninazokwenda, na kitabu cha stakabadhi.

Hati ile si pambo. Jumuiya za Zanzibar zinasajiliwa kisheria, na kila mwaka tunapeleka ripoti na hesabu kwa Mrajis, yaani msajili wa jumuiya. Mwenye duka akiniuliza "nyinyi ni nani hasa?" namwonyesha karatasi, sileti maneno mengi. Na sheha akipata habari ya mchango kutoka kwa watu wengine kabla hajaipata kwako, basi umeshajifungia mlango mwenyewe.

Kitabu cha stakabadhi kina karatasi tatu kwa kila namba. Moja anaondoka nayo mtoaji, moja inakwenda kwa mhazini wa tawi, moja inabaki kitabuni. Hata shilingi 500 inaandikwa. Vijana wa tawi walilalamika kwamba karatasi inaisha kwa vijisenti, nikawaambia mwenye 500 ndiye hasa anayetaka karatasi. Mwenye laki tano ana mambo mengine ya kufikiria.

Saa tatu

Tumbe, dikoni, yaani pwani vinaposhukia vyombo vya samaki. Hapa ndipo penye mnada mkubwa wa samaki upande huu wa kaskazini, na hapa ndipo tawi la Micheweni lilipopata njia yake wenyewe, bila ya sisi wa Chake kuwafundisha chochote. Kila Ijumaa, chombo kinachopenda hutoa samaki mmoja, na dalali anamwita "samaki wa watoto". Anamnadi wa mwisho, wanunuzi wakiwa wameshapata shehena zao na mikono imelegea.

Leo katoka kolekole wa maana, macho bado yanang'ara. Dalali anamwinua kwa kumshika shavuni.

"Wa watoto huyu! Elfu ishirini nani?"

"Ishirini."

"Ishirini na tano!"

"Thalathini, na maji yake!" anasema mchuuzi mmoja wa baiskeli, watu wanacheka.

Kwenye mnada wa kawaida wangekuwa wamenyamaza zamani. Hapa mtu anapandisha kwa sababu mwenzake kapandisha, na kwa sababu anayepandisha anaonekana. Kolekole akafika arubaini na tano. Yule aliyemnunua akamkata palepale, nusu kampa mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni na kikapu kitupu. Hilo halimo katika mpango wetu wowote, ni desturi ya dikoni tangu enzi za wazee: aliyekosa haondoki mikono mitupu.

Fedha sikuzigusa. Zilihesabiwa kwa sauti juu ya meza ya dalali, na dalali mwenyewe pamoja na mhazini wa tawi, mbele ya watu. Stakabadhi imeandikwa "vyombo vya Tumbe", na namba yake ikatajwa. Ndipo nikapewa nafasi, nikasema maneno kama ya dakika moja: fedha za mwezi uliopita zimelipa nauli za akina mama waliopeleka watoto kliniki Chake, na kilichobaki kimekwenda kwenye mipira ya kigari. Basi.

Baharia mmoja kijana akanishika kando. "Bi Mratibu, shikamoo. Lakini kila Ijumaa sisi tu. Na wenye maduka Konde je?"

Kasema kweli. Nikamwambia nikitoka hapa ndiko niendako.

Saa nne na nusu

Konde, maduka. Hapa sisemi sana: wenye maduka kumi na kitu wameahidi shilingi 2,000 kila mwezi, wanalipa kwa lipa namba ya tawi, na katibu anawatumia ujumbe wa shukrani na jumla ya mwezi. Leo nimepata wawili wapya. Mmoja akataka tumwekee kisanduku cha kioo juu ya kaunta. Nikakataa kwa adabu. Visanduku sivipendi. Hakuna anayejua kiliingia nini, kinakaa mpaka kinapauka, na siku ya kufunguliwa kila mtu anamwangalia mwenye duka kwa jicho la pembeni. Anayetaka kisanduku kwenye tawi lake, basi kiwe na kufuli mbili na funguo ziwe kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja.

Saa sita na nusu

Sala ya Ijumaa. Sisi wanawake tumekaa nyumba ya jirani, wanaume msikitini. Leo hatuna tangazo. Tumekubaliana na maimamu kwamba msikiti mmoja hautangaziwi mchango wetu kila mara, na zikitangazwa, fedha zinakusanywa na kamati ya msikiti halafu kamati ndiyo inayotukabidhi. Msikiti una mahitaji yake: maji, umeme, majamvi. Ukiugeuza kuwa kituo chako cha makusanyo utagombana na watu ambao kesho unawahitaji.

Saa nane

Nimeshuka njiani kabla ya Wete, kwa mzee mmoja mwenye mikarafuu. Uani kwake kumetandikwa majamvi mpaka chini ya mwembe, karafuu za juzi zimeshaanza kugeuka rangi ya kahawia, za jana bado zina wekundu. Wajukuu wamekaa na lundo bichi wanachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Mikono yao inanukia hata ukiwa mlangoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuhesabu karafuu zangu?"

"Nimekuja kuziangalia tu, babu."

Huyu mzee msimu uliopita alituahidi thamani ya pishi tatu za karafuu. Watu wa mjini wakisikia hivyo hufikiri tunazunguka na magunia. Hatukusanyi karafuu hata kidogo. Karafuu za Zanzibar zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, na ukionekana unabeba karafuu za watu huku na kule bila karatasi, utaeleza kesi ya magendo mpaka ukome. Kwa hiyo tunachukua ahadi kwa pishi, kwa sababu pishi ndicho kipimo anachokifikiria mkulima. Hata wachumaji wake anawalipa kwa pishi. Akishakausha, akapeleka kituoni, akapimiwa na kulipwa, anatutolea kwa fedha. Wengine wanatutolea fedha ya makonyo, ambayo kwao ni kama bakshishi: makonyo yanakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta.

Ukimwambia mkulima wa hapa "toa shilingi elfu thelathini" atakuna kichwa. Ukimwambia "pishi moja katika shamba zima" anacheka, anasema andika mbili.

Lakini karafuu zina tabia zake. Mwaka mmoja mkarafuu unazaa mpaka matawi yanainama, miaka inayofuata unaangalia juu huoni kitu. Tawi lililojenga bajeti yote juu ya karafuu litalala njaa, na nimeona yakilala. Ndiyo maana namganda mwenye duka wa Konde na 2,000 zake. Zile ndizo za mwaka mzima. Pishi za mzee huyu ni za kununulia kitu kikubwa, mara moja, na kumwonyesha.

Nimemwambia pishi zake tatu zilikwenda kwenye kigari cha Shumba, nikampa simu aone picha. Akaiangalia sana. Akauliza ile kandambili iliyoanguka nani aliiokota. Halafu akamwita mjukuu wake mkubwa, "Hebu niletee lile daftari," akaandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu, ahadi ya msimu huu. Sikumwomba.

Saa kumi

Tawi la Wete, mkutano. Nilijua utakuwa mgumu.

Vijana wanataka bonanza uwanja wa Gombani: timu nne, kombe, jezi, muziki, kiingilio. Wana andiko limepigwa chapa vizuri. Nikawaomba tuandike pamoja ubaoni gharama zake: uwanja, marefa, maji, usafiri wa timu, jezi, spika, chakula cha wachezaji, mtu wa kwanza kuumia. Tulipofika kwenye kombe ubao ulikuwa umejaa. Kiingilio, tukikadiria kwa moyo mweupe, kinafidia gharama na kuacha kidogo cha aibu.

"Lakini tutajulikana," akasema mmoja.

Hilo nalo ni kweli, wala sikulipuuza. Ila kujulikana ni bajeti nyingine. Mkitaka bonanza la kujulikana, tafuteni kwanza wa kulipa jezi na uwanja, halafu siku hiyo kila anayeingia aandikwe jina na namba ya simu kwa ridhaa yake, na wiki ile ile mumpigie mumwombe 1,000 kwa mwezi. Bonanza bila orodha ni jasho tu. Wakakubali kurudi na mdhamini kwanza. Kama hapatikani, hakuna mpira.

Halafu likaja lile la kila mkutano: fungu la makao makuu. Utaratibu wetu ni kwamba katika kila 10,000 inayokusanywa na tawi, 2,000 inakwenda Unguja na 8,000 inabaki. Mhazini wa Wete anaona hata hiyo ni nyingi. Mimi naona ni sawa, kwa sababu Unguja ndiko wanakolipa ukaguzi wa hesabu na kuandika maandiko ya miradi kwa wafadhili. Lakini ningekuwa upande wake kama lingekuwa nusu kwa nusu. Tawi likiona jasho lake linavuka bahari lote, linaanza kuficha, na likianza kuficha hesabu zote zimeharibika. Nilichomwahidi ni kuwaandikia Unguja watutumie kila robo mwaka karatasi moja inayoonyesha zile 2,000 zimefanya nini. Kurudi kunawahusu na wao.

Mama mmoja, mjumbe, alikuwa kimya muda wote anashona kofia. Mwisho akasema, "Harusi ya juzi hapa mtaani kamati imekusanya mamilioni kwa kadi. Kadi yetu iko wapi?" Watu wakacheka, mimi nikaandika. Watu wetu kuchangia kwa kadi na siku ya mwisho wanakujua vizuri mno. Labda mwezi mmoja kwa mwaka tuwe na kadi, na kamati, na mtu wa kufuatilia ahadi bila haya. Nimempa yeye kazi hiyo.

Saa mbili usiku

Nyumbani Chake, miguu imevimba. Muhogo wa nazi na pweza umepoa, nimeula hivyo hivyo.

Yule ami wa Maskati kajibu picha ya alfajiri. Ametuma fedha nzuri, na chini yake neno moja: "zaka". Basi hapo kazi inabadilika. Zaka ina wenyewe, makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba aya ya 60, na shehe wetu ametuelekeza tuikabidhi kwa familia masikini mikononi mwao. Hainunui printa ya ofisi, hailipi nauli yangu, wala haikatwi zile 2,000 za Unguja. Ina daftari lake la kijani, na stakabadhi zake zina namba tofauti. Sadaka ya kawaida inakwenda kwenye daftari jengine.

Nimemwandikia: "Ami, imefika. Itagaiwa kama zaka kwa familia tatu au nne zenye watoto wetu, na nitakuletea habari bila kutaja majina yao. Jina lako niliweke kwenye kikundi au nilifiche?"

Akajibu upesi, lifiche. Nikampigia mhazini sauti: Jumatatu asubuhi benki, wewe na katibu mkasaini, na njooni na daftari la kijani, si lile jengine.