Maji na Gesi Kila Ghorofa

Khala alipotoka Mombasa kuja kututembelea Paris, Mnara wa Eiffel aliutazama mara moja, akauliza tunakula wapi. Jumamosi nikampeleka Porte de Vanves, ambako wauza vitu vya kale hutandaza bidhaa zao kando ya barabara kila mwisho wa wiki. Huko ndiko alikochangamka.

Mimi nina ugonjwa wa vibao vya bati la inameli, vile vya Ufaransa ya zamani: majina ya mitaa kwa herufi nyeupe juu ya buluu, matangazo ya chokoleti ya Menier. Vya Banania, kile kinywaji cha unga wa kakao, vyenye askari wa Kiafrika anayechekelea, sivitundiki kwangu hata nikipewa bure. Siku hiyo nilikuwa nawinda kimoja tu cha kutundika jikoni kwangu: “Eau et gaz à tous les étages”, maji na gesi kila ghorofa. Mwishoni mwa karne ya 19 wenye majumba wa Paris walikuwa wakikipigilia karibu na mlango, mpita njia ajue kwamba humo hakuna anayepanda ngazi na ndoo.

Tulikikuta kimeegemezwa kwenye kiti, Euro 120. Vya kuigiza vimejaa sokoni, kwa hiyo nikainama kukikagua. Inameli ni unga wa kioo unaoyeyushwa juu ya bati kwa joto la nyuzi 800 hivi, na zamani kila rangi iliingia tanurini kwa zamu yake. Ukipitisha kidole unausikia ukingo wa herufi. Niliusikia. Khala naye hakungoja. Alikinyanyua, akakigonga kwa ukucha, akakigeuza.

“Nyuma pia kimepakwa,” akasema. “Na kutu imeanzia kwenye matundu ya misumari, pale walipokaza mno rangi ikabanduka. Mwanangu, si kama zile sahani za bati tulizolia pilau arusini? Kibao ni cha kweli. Bei ndiyo ya uongo.”

Nikamfasiria maandishi. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha mwenye mali. “Maji kila ghorofa! Nikitundika hiki kwangu, wapangaji watanipeleka mahakamani.”

Kifaransa hajui hata neno moja. Alimwonyesha muuzaji vidole sita, akanishika mkono, tukaondoka bila kugeuka. Tuliitwa kabla hatujaifikia meza ya jirani. Kikaenda kwa 80.

Kilipokuwa kinafungwa kwenye gazeti, Khala akaona kingine nyuma ya sanduku: “Défense d'afficher, loi du 29 juillet 1881”. Nikamweleza kwamba kinapiga marufuku kubandika matangazo ukutani, na kwamba sheria yenyewe ingali inatumika. Ukuta wake wa Mji wa Kale hupambwa kwa sura za wagombea kila uchaguzi, juu ya chokaa mpya.

“Na hicho,” akasema, akifungua mkoba wake mwenyewe. “Hicho usiombe kupunguziwa.”