Dumu Lililokataliwa

Mwaka 2011 shangazi yangu aliungua na ekzosi ya bodaboda akiwa anashuka, kule Sikonge. Ilimpata kwenye shavu la mguu wa kulia, upande wa ndani, upana wa vidole vinne hivi. Msamaria mmoja akampaka dawa ya meno, kama tunavyofanyiana siku zote, na lengelenge likapasuka chini ya ule weupe. Alipoletwa kwetu Tabora mjini, kidonda kilikuwa na usaha wa kijanikijani na harufu iliyomtangulia mlangoni.

Hospitalini sista mmoja wa makamo alikiosha, akampima sukari, akamwandikia vidonge. Kisha akauliza, "Nyumbani mna asali?"

Swali hilo kwa mke wa mrina asali! Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu aungue. Kisha akaingiwa na wasiwasi. "Sista, kitu kitamu juu ya kidonda si ndiyo kitazidi kuoza?"

"Mama, umewahi kuona asali imeoza?"

Kesho yake nilipeleka dumu. Sista alilifungua, akanusa, akachovya kijiti, akalifunga. "Hii imechemshwa." Kweli, ile ya kuuza huwa inapashwa motoni ili nta ijitenge upesi. Nilidhani ananiletea maringo. Akanieleza huku anaendelea na kazi zake: nyuki huacha kimeng'enya chao ndani ya asali, na asali ikikutana na majimaji ya kidonda, kimeng'enya hicho hutengeneza haidrojeni peroksaidi, ile ile inayotoa povu ukiimimina kwenye jeraha. Ya chupa ni kali, huweza kuumiza hata nyama mpya. Ya asali hutoka kidogo kidogo. Ukiichemsha umeua kimeng'enya, umebaki na sukari. Sukari nayo ina kazi yake, maana asali nzuri ina maji asilimia 20 au pungufu, kwa hiyo huwafyonza bakteria maji yao, na uchachu wake unawamalizia.

Tukaagiza masega mabichi kutoka Sikonge, tukayakamua na kuyachuja kwa kitambaa kilichochemshwa. Hata hiyo sista aliipokea kwa shingo upande. Asali ya kitabibu hupigwa mionzi ya gama kuua mbegu za bakteria zinazoweza kujificha ndani yake; yetu ilikuwa imepita kwenye kitambaa tu. Akatuamuru mguu auone kila siku, tusijifanye madaktari.

Kazi ya kubadilisha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda, iliniangukia mimi jioni. Asali tuliipaka kwenye gozi kwanza, kwani ukiimwaga kwenye mguu inateleza yote kwenye shuka. Dakika za mwanzo Shangazi aliuma pindo la khanga. Inachoma, asikudanganye mtu. Baada ya saa kadhaa kidonda kilikuwa kimetoa maji mengi, asali imekuwa nyepesi, gozi limelowa chepechepe, nami naanza upya. Usiku wakaja sisimizi. Tulisimamisha miguu ya kitanda ndani ya makopo ya maji, na chandarua tukakichomekea kila upande, na bado mmoja wawili walifika.

Harufu ndiyo iliyotangulia kuondoka. Halafu nikagundua gozi linabanduka lenyewe, halivuti nyama wala halimwagi damu, na chini yake pana wekundu wa vipunjevipunje. Sista aliuangalia akasema, "Hiyo ndiyo nyama tunayoitaka," akaita wanafunzi wake waje waione.

Kama ni asali au ni vidonge, sina ugomvi na mtu, vyote vilitumika. Ila mwaka 2015 mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalionyesha kuwa asali huponya majeraha ya moto yasiyo ya kina sana haraka kuliko baadhi ya njia za kawaida za kuyafunga, ingawa kwa vidonda vya aina nyingine nyingi ushahidi bado ni hafifu.

Baadaye nilikuta mtandaoni tyubu ndogo ya asali ya manuka kutoka New Zealand, ile yenye methilglioksali, inayoua bakteria hata bila peroksaidi. Nikampigia Shangazi, nikamtajia bei kwa shilingi.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Baba, hebu waulize hao watu wananunua kwa dumu au kwa ndoo."