Chupa ya maji ya askari: itoe mfukoni kwanza

Makosa mengi ya kutambua chupa ya zamani ni ya jeshi gani huanzia kwenye mfuko. Mtu anaona herufi "U.S." juu ya turubai, papo hapo anasema chupa ni ya Marekani, kumbe mfuko ule ulivishwa chupa ya jeshi jingine kabisa. Mifuko, mikanda na vifuniko vilibadilishwa ghalani tangu enzi za vita, na wauzaji nao huunganisha walichonacho. Kwa hiyo ivue chupa, uitazame yenyewe.

Umbo husema mengi. Midomo miwili, mmoja mpana wa kujazia na mwingine mwembamba wa kunywea, humaanisha Ufaransa, mtindo wa 1877. Chupa ya chuma yenye enameli ya buluu, ikavikwa sufu ya kaki na kizibo chake kikaning'inia kwa uzi, ni ya jeshi la Uingereza au makoloni yake. Hapo tafuta mshale mpana, alama ya mali ya serikali: ukiwa ndani ya herufi C, chupa ni ya Kanada.

Chupa iliyobonyea upande mmoja ili ikae kiunoni, ujazo wa karibu lita 0.95, ni umbo la Marekani la 1910. Usiishie hapo, maana majeshi mengine yaliliiga. Geuza kitako: chupa halisi ina "U.S.", herufi za kiwanda na mwaka. Kifuniko cha plastiki nyeusi ni cha Vita vya Pili vya Dunia au baada yake. Cha alumini kwa kawaida ni cha zamani zaidi. Za kiwanda cha Vollrath, za chuma kisichoshika kutu, zina mshono uliolala kuzunguka mwili, ilhali viwanda vingine vilisimamisha mshono wima. Sumaku hapa hupotosha: isiponasa, chupa inaweza kuwa ya alumini au ya chuma hicho kisichoshika kutu. Ipime kwa uzito. Alumini ni nyepesi mno mkononi.

Ya Ujerumani ya mtindo wa 1931 hubeba lita 0.8. Alama yake hugongwa shingoni: herufi za kiwanda na tarakimu mbili, mfano 41 kwa 1941. Kikombe kinachofungwa juu ya chupa nacho kina alama yake. Miaka ikipishana kidogo si neno. Ikipishana sana, vimekutanishwa baadaye.

Alama ikififia, usiiguse kwa brashi ya waya. Alumini ni laini, na mikwaruzo michache tu inatosha kuufuta mwaka moja kwa moja. Zima taa ya chumba, mulika tochi kutoka ubavuni, alama ikiwa karibu sambamba na mwanga. Vivuli vitazichora herufi. Au weka karatasi nyembamba juu yake, usugue penseli laini taratibu.

Kisha chungulia sakafu ya kila herufi kwa kioo cha kukuzia. Alama ya kale ina uchafu na uchakavu uleule wa chuma kinachoizunguka. Sakafu inayong'aa ndani ya kitako kilichofubaa imegongwa juzi.