Jinsi tulivyowapambanisha Monzón na Hagler sebuleni kwa mjomba

Kila nikienda Tanga kumsalimia mjomba, chai haimaliziki kabla hatujaingia kwenye mabondia Monzón na Hagler: wangekutana, nani angempiga mwenzake? "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mjomba. Bado unamsifia yule kipara?" Basi hapo tena. Tumebishana matangani, tumebishana stendi nikiwa na mguu mmoja ndani ya basi. Safari iliyopita nikamwambia tukae, tuangalie mapambano yao mazima kuanzia kengele ya kwanza, halafu tuamue. Akakubali papo hapo. Nadhani na yeye alikuwa amechoka.

Mjomba alikuwa baharia. Meli ikitia nanga Italia, anasema, bandarini ilikuwa ngumi tu, na aliyemteka ni Carlos Monzón wa Argentina. Novemba 1970 huyu alimfuata Nino Benvenuti kwao Roma, akamzima raundi ya 12, akachukua ubingwa wa dunia wa uzito wa kati. Akautetea mara 14, akastaafu 1977 akiwa bado bingwa.

Mimi Marvin Hagler nilimpata kupitia Mganda. Nilikuwa mtoto mkanda wa video wa pambano lake na John Mugabi ulipofika mtaani kwetu. Mugabi alikuwa wetu: kijana wa Kampala, medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, na kwenye ngumi za kulipwa hakuna aliyekuwa amesimama naye mpaka kengele ya mwisho. Walipigana Las Vegas, Machi 1986. Raundi za mwanzo tulipiga kelele mpaka majirani wakaja. Halafu Hagler akaanza kumla taratibu, na raundi ya 11 Mugabi akakaa chini, akahesabiwa hadi kumi. Chumba kizima kilinyamaza. Niliingia kwa ajili ya Mugabi, nikatoka na Hagler.

Kilichotukwamisha miaka yote ni kwamba tulikuwa tunapambanisha majina. Chukua Sugar Ray Robinson. Unamsema yupi? Aliyemsimamisha Jake LaMotta Chicago tarehe 14 Februari 1951, au aliyepigwa kwa pointi na Randy Turpin London Julai ya mwaka huohuo, au aliyemlaza Gene Fullmer kwa ndoano moja, yaani ngumi ya kuzungusha, ya kushoto Mei 1957? Mtu ni mmoja, lakini hao ni mabondia watatu. Kwa hiyo tukawekeana sharti: kila mmoja achague tarehe, na asiihame.

Mjomba akachagua usiku wa Roma. Mimi nikakimbilia Aprili 1985, Hagler na Thomas Hearns, moto mtupu. Mjomba akakataa. "Raundi tatu si ushahidi, mjomba. Mimi nimekupa raundi kumi na mbili." Alikuwa na haki. Nikachagua Novemba 1983, dhidi ya Roberto Durán, pambano ambalo nilikuwa nalikwepa kwa sababu Hagler hakung'ara. Lakini lilikwenda raundi zote 15, na mtu unamjua vizuri pale mambo yanapomwendea vibaya.

(Mjomba alitaka pia kumwingiza Harry Greb, bingwa wa miaka ya 1920 aliyekuwa kipofu wa jicho moja na ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda Gene Tunney. Iliniuma kumkatalia. Hakuna filamu hata moja ya pambano lake iliyobaki, na tungekuwa tunahukumu hadithi.)

Mtego mwingine ulikuwa Bennie Briscoe. Huyu alipigana na wote wawili. Mwaka 1972, Buenos Aires, alimpata Monzón kwa konde lililomyumbisha katika raundi ya tisa. Mwaka 1978 Hagler alimshinda kwa pointi Philadelphia. Nikadhani nimeshinda kesi. Kisha tukahesabu umri: Briscoe wa Monzón alikuwa na miaka 29, wa Hagler alikuwa na 35. Nikaufuta ushahidi wangu mwenyewe kwenye daftari, na kusema kweli baada ya hapo mjomba alianza kuniamini.

Tukapanga na masharti ya ulingoni. Watu hulipita hili haraka, lakini mimi naona ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwaka 1987 Ray Leonard alipokubali kukutana na Hagler, kambi yake iliomba raundi 12 badala ya 15, glavu za aunsi 10 na ulingo mpana wa futi 20. Hagler akakubali, akapoteza kwa majaji kugawanyika. Bado naamini pambano lile lilianza kuamuliwa mezani. Sisi tukaweka glavu za aunsi nane, uzito upimwe asubuhi ya siku yenyewe kama zamani, paundi 160, yaani kilo 72 na nusu. Kwenye raundi hatukuelewana, tukaamua kuhesabu zote mbili, 12 na 15.

Siku ya pili ndiyo ilinifunza zaidi. Hoja kubwa ya mjomba ilikuwa mikono ya Monzón: mirefu, Hagler hatafika. Tukatafuta vipimo. Inchi 76 kwa 75! Tukatazamana. Sasa kwa nini kwenye picha Monzón anaonekana kama anapiga kutoka ng'ambo ya barabara? Mjomba akasogeza meza, akachukua chaki, akachora mstari sakafuni. Akasimama na kikoi chake, mguu wa kushoto mbele. Nikasimama kama Hagler, mguu wa kulia mbele. Vidole vyetu vya miguu vikagongana palepale. Akanyoosha mkono wa kushoto polepole, ukapita juu ya mkono wangu wa kulia, ukasimama kwenye paji la uso wangu. Mimi nikanyoosha wangu, ukafika kidevuni na kukomea hapo, kwa sababu alikuwa ameegemeza kiwiliwili nyuma kidogo, mgongo umenyooka kama mlingoti. Nikaelewa. Urefu wa Monzón uko kiunoni.

Lakini nilipousogeza mguu wangu nje ya mguu wake, hatua moja ndogo tu, mkono wake ukapita hewani na ubavu wake ukawa wazi mbele yangu. Mjomba akaushusha mkono, akakaa. "Rudisha ile ya Durán," akasema.

Mke wa mjomba hakukaa nasi alipoonekana Monzón. Alisimama mlangoni akasema, "Huyo muuaji mimi simtazami." Ana haki yake. Mwaka 1988 Monzón alimuua Alicia Muñiz, mama wa mwanawe, akahukumiwa miaka 11 jela. Tulizima, tukasubiri ametoka kwenda sokoni ndipo tukaendelea. Sijawahi kumtazama Monzón nikalisahau hilo, na sidhani inafaa kulisahau.

Tulijaza kadi raundi kwa raundi. Mwanzoni nilimpa Monzón nyingi kuliko nilivyotaka, kwa sababu Hagler wa 1983 alianza kwa kusitasita: baada ya raundi 13 Durán alikuwa anaongoza kwa pointi moja kwenye kadi za majaji wawili. Hagler alizichukua raundi mbili za mwisho kwa nguvu, ndizo zilizomwokoa. Na Monzón naye hakuwa wa kuchoka; mwaka 1971 alimsimamisha Emile Griffith raundi ya 14. Hata hivyo Monzón huua mchezo kwa kumweka mtu mbali, na mbele ya mtu anayebadilisha mkono wa kulia na wa kushoto, mguu uko nje ya mguu wake kila dakika, nilimwona akilipia kila raundi anayoshinda. Mbavu hukumbuka.

Daftari liko kwangu hapa. Raundi 12: Monzón 115, Hagler 113. Raundi 15: Hagler 143, Monzón 142. Pembeni ya raundi ya 14 kuna maandishi ya mjomba, wino mwekundu: "Hii siikubali. Tutairudia Idi."