Nyundo mbili za Holašovice

Naanza na basi maana basi ndo lilinikomesha. Asubuhi nilifika Holašovice, kijiji cha kusini mwa Czech, kwa lifti ya jamaa tuliyejuana naye hosteli kule mji wa České Budějovice, kama kilomita 15 hivi, akanishusha akaendelea na safari zake. Kurudi nikasema si kuna kituo cha basi bwana. Nikasoma ratiba, basi lipo saa kumi jioni, pembeni ya saa wamechora vinyundo viwili vimepishana, kama ile nyundo ya bendera ya CCM ila hapa ziko mbili na jembe hakuna. Nikajua labda linapita mgodini, poa tu.

Nikakaa. Saa kumi ikapita, kumi na nusu ikapita, baridi ya mwezi wa kumi imeshaingia mpaka kwenye soksi na kigiza kinanyemelea. Akatokea mzee anasukuma toroli la majani makavu, akaniangalia, akapita. Akarudi na toroli tupu bado niko palepale. Ndo akaja, akaweka kidole juu ya vile vinyundo, akasema "sobota", halafu akalaza shavu kwenye viganja kama mtoto aliyelala. Kumbe nyundo maana yake siku za kazi tu! Leo Jumamosi, basi limelala. Sasa mimi ningejuaje jamani?

Kijiji chenyewe unakizunguka robo saa. Katikati kuna uwanja mrefu wa majani, bwawa dogo, na kikanisa cha 1755, nyumba zimeuzunguka uwanja zote zinautazama. Na ni nyumba hasa: ukuta wa mbele unapanda mpaka kufunika paa, juu umekatwa mikunjomikunjo kama kola ya gauni la harusi, umepakwa rangi za krimu na waridi, pembeni geti la upinde la kupitisha mkokoteni. Ni za wakulima, nyingi za karne ya 18 na 19. UNESCO walikiweka kijiji kwenye urithi wa dunia 1998. Nje ya kijiji ni mashamba na mabwawa ya samaki, na ukiangalia kusini unauona mlima Kleť, mita 1,084, ambao wao wanauona mkubwa, nikanyamaza.

Chakula sisemi sana. Kichupa cha maji kilizidi bei ya bia, nikanywa bia.

Kilichonikaa kichwani ni kwamba hiki kijiji kimeshaisha watu mara mbili. Kati ya 1520 na 1525 tauni ilipita, wakabaki watu wawili. Wawili! Watawa wa monasteri ya Vyšší Brod waliokuwa wanakimiliki wakaleta watu wapya kutoka Bavaria na Austria, Wajerumani, wakakaa karne nne. Vita vya pili vilipoisha wakafukuzwa kama Wajerumani wengine karibu milioni tatu wa Chekoslovakia, mashamba mengi yakabaki mahame, na ukarabati wa maana ulikuja kuanza 1990. Yaani uzuri ule umebaki kwa sababu hakukuwa na mtu wa kubomoa aweke madirisha ya alumini.

Pale kituoni nikawa namuwaza bibi. Walihamishwa 1974 wakati wa operesheni vijiji, lori likawabwaga barabarani, na mpaka anazeeka alikuwa kila msimu anatembea kurudi kule mahame kuokota maembe ya mti wake, wakati mjini kwa mjomba maembe yalikuwa yanaoza sokoni. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, mvua mbili tu ikayeyuka. Hakuna wa kuikarabati wala wa kuipiga picha.

Mzee akanipakia kwenye kigari chake nyuma kuna magunia ya viazi. Akauliza kwa mkono natoka wapi, nikasema Tanzania, akafikiri, akasema "Kilimandžáro!" akapiga usukani kwa furaha. Kutoka hapo hatukuwa na neno lingine la kuambizana mpaka stesheni. Nikatoa koruna 200 akakataa, nikaziacha kwenye kiti, akanikimbilia mpaka mlangoni kunirudishia. Treni ya Prague ilikuwa imeondoka. Iliyofuata nikaikagua ratiba yake neno kwa neno, natafuta nyundo.