Kura 146 kati ya 266, na bado hakupita

Msimu wa kura za maoni za kuteua wagombea ndani ya vyama ukikaribia, pale Jaws Corner, barazani Mji Mkongwe wa Zanzibar, suali huwa moja: nani ana wajumbe wengi? Kwangu mimi hilo ni suali la pili. La kwanza ni mshindi anatakiwa apate kura ngapi, na hizo ngapi zinapigiwa hesabu juu ya idadi gani. Mkutano wa chama cha Democratic cha Marekani wa kuteua mgombea urais, Baltimore, Mei 1844, unalionyesha jambo hili kuliko mwengine wowote ninaoujua.

Hicho ni chama cha Andrew Jackson, rais ambaye mjumbe wake, Edmund Roberts, alitiliana saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, mwaka 1833. Mwaka mmoja kabla, chama kilikuwa kimeanzisha kanuni ya theluthi mbili: mgombea hapiti mpaka apate theluthi mbili ya kura. Lakini kila mkutano ulijipangia kanuni zake upya, na mtego ulikuwa hapo.

Martin Van Buren, rais wa zamani, alikuwa na wajumbe zaidi ya nusu, na wengi wao walikuwa wameagizwa na majimbo yao wampigie yeye. Ila mwezi Aprili alitoa barua ya kupinga Texas kuunganishwa na Marekani kwa wakati ule, na watu wa majimbo ya Kusini wakamgeuka. Hawakungoja siku ya kura. Seneta Robert Walker wa Mississippi alisimamia hoja ya kuirejesha theluthi mbili, ikapita kwa 148 dhidi ya 118. Angalia hapo: wamo walioagizwa kumchagua Van Buren wakaiunga mkono kanuni iliyomzuia. Agizo hawakulivunja, maana agizo halikusema chochote kuhusu kanuni.

Kura hazikuwa za siri. Karani anaita jimbo, msemaji wake anasimama na kutamka hesabu, ukumbi mzima unasikia. Duru ya kwanza Van Buren akapata 146 kati ya 266. Nusu kaipita, lakini theluthi mbili ya 266 inazidi 177. Wajumbe walioona wameshatimiza agizo kwa duru moja wakaanza kumkimbia: duru ya pili 127, ya saba 99, huku mpinzani wake Lewis Cass akifika 123. Cass naye hakuweza kuvuka, kwa kuwa watu wa Van Buren hawakuwa tayari kumpa. Duru ya nane likaibuka jina la James Polk wa Tennessee, ambaye katika duru saba hakuwa na hata kura moja, akapata 44. Duru ya tisa New York ikamtoa Van Buren, na majimbo yakamiminika kwa Polk.

Ugombea wa umakamu wa rais akapewa Silas Wright, rafiki wa Van Buren, aliyekuwa Washington. Waya wa telegrafu wa Morse ulikuwa na siku chache tu tangu ufunguliwe; Wright akakataa kwa waya huo huo. Ukumbini hawakuamini, wakauliza tena, jibu likawa lile lile. Nafasi ikaenda kwa George Dallas.

Katika mkutano wa chama hicho hicho wa Charleston, Aprili 1860, ugomvi ulikuwa juu ya idadi ya kupigia hesabu hiyo theluthi mbili. Kura zote zilikuwa 303. Ilani ilipitishwa kabla ya mgombea, na kwa kutoridhika na msimamo wake juu ya utumwa, wajumbe wapatao 50 wa Kusini wakatoka ukumbini. Mwenyekiti Caleb Cushing akaamua theluthi mbili ihesabiwe juu ya 303, si juu ya waliobaki. Maana yake 202. Stephen Douglas, aliyekuwa akiongoza, alifika 152½ (kulikuwa na wajumbe wenye nusu kura) akakwama hapo. Duru 57, mgombea hakuna.

Mwezi Juni chama kikagawika, kila upande na mgombea wake. Chama pinzani cha Republican, katika mkutano wake wa Chicago mwaka huo huo, kilitaka zaidi ya nusu tu, na Abraham Lincoln, aliyeanza nyuma ya William Seward kwa kura 102 dhidi ya 173½, akapita katika duru ya tatu.